Nissan ya Leo Si Nissan ya Mwaka 1999

Novemba 2025 kampuni ya Nissan iliuza jengo la makao yake makuu lililoko Yokohama kwa yeni bilioni 97, na papo hapo ikasaini mkataba wa kulipanga jengo hilo hilo kwa miaka 20. Miezi minne kabla ya hapo ilikuwa imetangaza kwamba kiwanda chake cha Oppama, kilichofunguliwa mwaka 1961 na ambacho kimekwisha kuunda magari zaidi ya milioni 17, kitaacha kazi hiyo ifikapo Machi 2028. Katika mazungumzo ya wapenzi wa magari huku kwetu, habari hizi zimepokewa kwa namna mbili. Wapo wanaosema kwamba Nissan imekwisha na waliomaliza kazi ni Wachina. Wapo pia, na nadhani ndio wengi, wanaotuambia tutulie: mwaka 1999 kampuni hii ilikuwa taabani kuliko sasa, ikapunguza wafanyakazi, ikafunga viwanda, ikainuka, basi itainuka tena. Kauli hii ya pili ndiyo inayonishughulisha, kwa kuwa ina chembe ya ukweli inayoifanya iaminike haraka. Hoja yangu ni kwamba mwaka 1999 si kipimo cha haki kwa Nissan ya leo. Wakati ule ugonjwa mkubwa ulikuwa katika madaftari ya hesabu, na nyuma ya madaftari hayo walikuwepo wahandisi wenye magari mazuri mikononi. Leo fedha zipo, lakini magari ambayo mtu angeyachagua kwanza ndiyo yaliyopungua, na dawa iliyotibu deni haiwezi kuunda gari.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima tukumbuke Nissan ilipendwa kwa lipi. Jina lenyewe ni ufupisho wa Nihon Sangyo, kampuni mama ya mfanyabiashara Yoshisuke Aikawa, aliyeanzisha kampuni yake ya magari tarehe 26 Desemba 1933 na kuiita Nissan mwaka uliofuata. Hata hivyo gari ambalo kampuni hiyo ililirithi lilitangulia jina. Mwaka 1911 mhandisi Masujiro Hashimoto alifungua karakana Tokyo, na gari aliloliunda baadaye akaliita DAT, herufi za kwanza za majina ya ukoo ya watu watatu waliomtolea fedha: Den, Aoyama na Takeuchi. Lilipokuja gari dogo zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1930, liliitwa Datson, yaani mwana wa DAT kwa Kiingereza. Kwa kuwa tamko hilo la mwisho katika Kijapani husikika kama neno la hasara, herufi moja ikabadilishwa, mwana (son) akageuka jua (sun), na dunia ikaijua Datsun.

Umaarufu wa Datsun nje ya Japani ulijengwa mbali na makao makuu, na watu ambao mara nyingi walivutana na wakubwa wao. Yutaka Katayama aliongoza kikosi cha Datsun katika mashindano ya kuizunguka Australia mwaka 1958, gari likashinda daraja lake, na baada ya hapo akapelekwa Marekani, ambako aliushikilia uongozi wa kampuni hadi ukakubali kuunda gari la michezo ambalo mtu wa kipato cha kati angeweza kulinunua. Magari ya kwanza yalipofika yakiwa na nembo ya jina la Fairlady, ambalo aliona halitauzika kwa Wamarekani, aliamuru nembo hizo zing'olewe, na gari likaingia sokoni kama 240Z kwa dola 3,526. Sisi wa Afrika Mashariki jina hilo tulilijua kwa matope ya Safari Rally. Edgar Herrmann alishinda mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS na mwaka uliofuata kwa 240Z. Kisha akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala aliyehamia Kenya mwaka 1972, wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia, akashinda mwaka 1973 na baadaye mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Inafaa kuitazama kwa makini gari iliyompa ushindi huo wa mara nne. Violet ilikuwa na milango na umbo la gari la familia, lile lile ambalo mwalimu mkuu wa Nakuru au karani wa bandari ya Mombasa angeliegesha nje ya ofisi yake, na katika mwaka ule wa mwisho, Audi ikiwa imekwisha kuleta gari la kusukumwa na magurudumu manne katika mashindano ya dunia, Violet ilishinda Safari kwa magurudumu mawili. Aliyesimama kando ya barabara akaiona ikitoka kwenye dimbwi hakuhitaji tangazo la biashara.

Imani hiyo ilipenya hadi ndani ya lugha. Nchini Kenya matatu ya abiria 14 iliitwa nissan, na watu waliendelea kuiita hivyo hata pale gari lilipokuwa Toyota waziwazi, kama vile upande wa Tanzania haisi au kipanya lilivyokuwa jina la gari lolote la umbo lile. Jina la chapa likifika hapo, kampuni imepata kitu ambacho hakinunuliwi. Ndiyo sababu ninapoandika juu ya hesabu za Yokohama siandiki habari za watu wa mbali.

Sasa turudi kwenye mwaka 1999 wenyewe. Nissan ilikuwa na deni la takriban yeni trilioni 2, na katika miaka minane iliyotangulia ilikuwa imepata hasara miaka saba. DaimlerChrysler, wenye Mercedes-Benz, walifikiria kuichukua, wakatazama vitabu vya hesabu, wakaondoka. Renault ya Ufaransa ikaingia na kiasi cha yeni bilioni 640, ikapata asilimia 36.8 ya hisa na kumleta meneja wake, Carlos Ghosn. Oktoba mwaka huo Ghosn alitangaza mpango wa kufunga viwanda vitano, kupunguza wafanyakazi 21,000 na kuuza hisa ambazo Nissan ilikuwa inazimiliki katika kampuni nyingine zipatazo 1,394, akisema kwamba kati ya hizo ni nne tu zilizokuwa za lazima. Mwaka wa fedha wa 1999 uliishia na hasara ya yeni bilioni 684, na uliofuata ukaleta faida ya bilioni 331. Hapo ndipo simulizi ya mkasi ulioponya ilipozaliwa, na sikatai kwamba mkasi ulihitajika.

Lakini tazama vitu vitatu ambavyo simulizi hiyo huviruka. Kwanza, fedha za Renault zilitoka nje, kwa hiyo kampuni haikulazimika kula mbegu zake yenyewe. Pili, vilivyouzwa vilikuwa mafuta ya ziada. Hisa katika kampuni za wauzaji vifaa zilikuwa zimelala tu kama heshima ya kindugu kati ya kampuni, na kitengo cha anga na roketi, kilichouzwa kwa kampuni ya Kijapani ya IHI mwaka 2000, hakikuwa na uhusiano wowote na mnunuzi wa gari. La tatu ndilo kubwa zaidi. X-Trail ya kwanza iliingia sokoni mwaka 2000. Gari jipya huchukua miaka kadhaa kutoka kwenye karatasi hadi barabarani, kwa hiyo lile halikuzaliwa na mpango wa Ghosn, lilikuwa limekwisha kuanza kuundwa chini ya uongozi ambao baadaye ulielezwa kuwa wa walioshindwa. Sidai kwamba Nissan ya wakati ule ilikuwa na magari matamu kila upande, kwani Ghosn mwenyewe alilalamika kwamba ni aina 4 tu kati ya 43 zilizokuwa zikileta faida, na maumbo mengi yalikuwa yamepooza. Ila injini, fremu na watu walikuwepo. Ukiwa na hivyo, mchoraji mzuri na fedha vinatosha kukuinua.

Linganisha na leo. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 Nissan ilipata hasara ya yeni bilioni 670.9, ikatangaza kupunguza watu 20,000 na kubaki na viwanda 10 kutoka 17. Ilikuwa inauza magari milioni 5.77 kwa mwaka katika mwaka wa fedha wa 2017, na katika mwaka huo ulioishia Machi 2025 ni milioni 3.35. Vya kuuza kama vile vya mwaka 1999 havipo tena kwa wingi: hata Calsonic Kansei, kampuni ya vifaa iliyokuwa ndani ya familia, iliuzwa mwaka 2017, na mrithi wake, Marelli, aliomba ulinzi wa mahakama nchini Marekani dhidi ya wadai wake Juni 2025. Ndiyo sababu zamu imelifikia jengo la makao makuu.

Magari yenyewe yaliishiwa vipi? Jibu linaanzia katika mpango ulioitwa Power 88, uliotangazwa mwaka 2011, ambao uliitaka kampuni ifikie asilimia 8 ya soko la dunia na asilimia 8 ya faida. Ukimwambia meneja wa mauzo afikishe idadi fulani ya magari kabla mwezi haujaisha, atapunguza bei, na akishindwa atayapeleka magari kwa kampuni za kukodisha. Huko Marekani ndivyo ilivyokuwa. Nissan ikawa gari la punguzo, thamani yake ya mtumba ikashuka, mnunuzi aliyeuza lake kwa hasara hakurudi, na kwa kuwa faida kwa kila gari ilikuwa ndogo, fedha za kuunda kizazi kipya zikapungua. Aina nyingi zikaachwa zizeeke sokoni. Wakati huo huo gia za CVT, zile za kujibadilisha zenyewe bila hatua, ambazo Nissan ilizikumbatia mapema kuliko wengi, zilileta malalamiko mengi kiasi kwamba kwa magari yake ya 2003 hadi 2010 kampuni ililazimika kuongeza dhamana nchini Marekani hadi miaka 10. Hofu hiyo ilivuka bahari. Fundi wa huku, ukimletea X-Trail au Murano, kabla hajafungua boneti atakuuliza ulitia oili gani kwenye gia, na jibu lako atalipokea kama daktari anayepokea habari za mgonjwa aliyechelewa.

Mfano unaoniumiza zaidi ni Leaf. Desemba 2010 Nissan iliweka sokoni gari la umeme la kuuzwa kwa watu wa kawaida kwa wingi, wakati kampuni kubwa nyingine nyingi zilikuwa bado zinafanya majaribio. Hakuna anayeweza kuinyang'anya heshima hiyo. Lakini betri yake ilitegemea hewa tu kupoa, bila maji wala kimiminika chochote cha kuondoa joto, na katika sehemu zenye jua kali kama Arizona wenye magari walianza kulalamika mwaka 2012 kwamba uwezo wa betri unashuka haraka. Mwaka 2013 kampuni ikatoa dhamana maalumu ya betri. Kizazi cha pili kikaja mwaka 2017 na betri bado inapozwa vile vile. Ni kizazi cha tatu, kilichooneshwa mwaka 2025, ndicho kilichopata kimiminika cha kupoza, miaka 15 baada ya gari la kwanza. Nilimsindikiza jirani yangu kutazama Leaf ya mtumba katika yadi moja. Muuzaji alianza na viti na rangi, naye jirani akaliwasha gari bila kumjibu, akainama hadi paji la uso likakaribia usukani, akaanza kuhesabu vijistari vilivyopangwa upande wa kulia wa kioo cha mita, ambavyo gari likiwa jipya huwa 12. Vilikuwa 9, ambayo maana yake ni kwamba theluthi ya uwezo wa betri, au pungufu kidogo, ilikuwa imekwisha kupotea. Aliifunga milango taratibu na tukaondoka. Kampuni iliyotangulia mbio iliketi kando ya njia kwa miaka 15 na kuwatazama wengine wakipita, na hilo halikuwa kosa la mhasibu.

Baada ya hayo, tuzipime sababu ambazo wengine wanazitoa. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba Ghosn angebaki, haya yasingetokea. Alikamatwa tarehe 19 Novemba 2018 kwa tuhuma za kutotangaza sehemu ya malipo yake, tuhuma ambazo amezikana daima, na mwishoni mwa 2019 akatorokea Lebanon. Maswali kuhusu namna alivyoshikiliwa na haki za mtuhumiwa nchini Japani ni ya msingi na siyapuuzi. Lakini hayafuti kalenda. Power 88 ulikuwa mpango wake, magari yaliyopelekwa kwa kampuni za kukodisha yalipelekwa akiwa juu, na kizazi cha pili cha Leaf kilipotoka alikuwa bado mwenyekiti wa bodi. Waliomrithi walivurugana vibaya, hilo ni kweli, ila walirithi ghala la magari yaliyozeeka.

Hoja ya Wachina ina uzito zaidi. Nchini China Nissan iliuza zaidi ya magari milioni 1.5 mwaka 2018, na mwaka 2024 hayakufika laki 7. Hakuna usimamizi, hata uwe mzuri vipi, ambao ungeyazuia yote hayo, kwani kampuni nyingine za kigeni zimeumia pia. Hata hivyo sababu hiyo haielezi Marekani, ambako magari ya umeme ya Kichina yamezuiliwa kwa ushuru mkubwa na karibu hayaonekani barabarani. Huko Nissan iliuza magari takriban milioni 1.59 mwaka 2017 na kama laki 9 na elfu 24 mwaka 2024. Walioinyang'anya wateja hao ni Toyota, Honda, na Wakorea wa Hyundai na Kia, na silaha mojawapo iliyotumika ilikuwa haibridi, yaani gari linalotumia petroli na umeme pamoja. Jambo hili linastahili kukaziwa. Nissan ilikuwa na haibridi yake, e-Power, ambamo injini ya petroli hufua umeme tu na mota ndiyo inayozungusha magurudumu. Iliingia katika gari dogo la Note huko Japani mwaka 2016, na mwaka 2018 Note ikawa gari lililouzwa kuliko yote nchini humo ukiacha yale madogo sana ya daraja la kei. Mpaka Wamarekani walipoanza kugombania haibridi mwaka 2023 na 2024, teknolojia hiyo ilikuwa haijawahi kupelekwa katika maduka yao. Kitu kizuri kilikuwepo nyumbani, soko likakililia, na hakuna aliyekivusha. Hapo ndipo mtu angemkumbuka Katayama.

Inabaki hoja ya Honda, kwamba Nissan ingekubali kuungana nayo ingepona, ambayo kati ya zote ndiyo ninayoiona kuwa na nguvu. Kampuni hizo mbili zilitia saini makubaliano ya kuungana tarehe 23 Desemba 2024, na tarehe 13 Februari 2025 yakavunjwa, kwa kuwa Honda ilitaka Nissan iwe kampuni tanzu yake na Nissan ikakataa. Wengi wamesema ni kiburi, na sehemu ya hilo ni kweli: anayepata hasara ya kiasi kile hana nafasi ya kuchagua kiti. Haibridi za Honda zingeziba pengo la Marekani mara moja. Lakini tusisahau kwamba zote mbili zilikuwa zinadidimia kule kule China, na kwamba ndoa ya Nissan na Renault, iliyodumu zaidi ya miaka 20, ilitumia nguvu nyingi katika ugomvi wa nani mkubwa hadi hisa zikasawazishwa mwaka 2023 kuwa asilimia 15 kila upande. Muungano wa pili wa namna hiyo ungeanza na ugomvi ule ule.

Wenye matumaini nao wana lao, na ni haki kulisema. Tofauti na 1999, Nissan ilifunga mwaka wa fedha wa 2024, ule ulioishia Machi 2025, ikiwa na takriban yeni trilioni 1.5 taslimu katika biashara ya magari baada ya kuondoa madeni ya biashara hiyo. Ivan Espinosa, aliyechukua uongozi Aprili 2025, ametokea katika kupanga magari, si katika uhasibu, na hilo ni jema. Leaf mpya ni gari ambalo lingepaswa kuja zamani, ila limekuja. Ninachosema ni kwamba fedha hizo ni muda, na muda huo una thamani kama utatumika kuunda magari. Wakati kampuni inapunguza wahandisi pamoja na makarani, na inahamisha kazi ya Oppama kwenda Kyushu ili kuokoa gharama, swali la kumuuliza Espinosa kila miezi mitatu si ameokoa yeni ngapi. Ni gari gani linaundwa sasa hivi ambalo mwaka 2029 mtu atalitaka bila punguzo.

Kwetu sisi jambo hili lina tarehe zake. Magari mengi yanayoshushwa Mombasa leo ni yale Wajapani waliyoyanunua miaka sita, saba iliyopita, na uchache wa Nissan katika maduka ya Japani sasa utaonekana katika minada yao na kwenye yadi zetu kabla ya katikati ya miaka ya 2030. Anayemiliki X-Trail au Note ya leo hana sababu ya kuiuza kwa hofu, kwa kuwa spea za magari yaliyouzwa kwa wingi huendelea kutengenezwa na viwanda vingi huru muda mrefu baada ya mwenye chapa kuyumba. Kwa e-Power hali ni ngumu zaidi: inverta, kifaa kinachogeuza umeme ili mota iutumie, na kompyuta zake hazichongwi na kila mtu, na mafundi wanaozijua bado wachache. Oppama ndiko Note inakoundwa. Itakayotoka huko mwisho, Machi 2028, kwa sheria ya Kenya ya miaka 8 itaweza kushushwa Mombasa hadi karibu mwaka 2035, na atakayeinunua atapita Kirinyaga Road ya Nairobi duka baada ya duka akiuliza kama inverta yake ipo.